Sura Inakodishwa, Haiuzwi: Tunajibu Barua Zenu Kuhusu Uanamitindo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinahusu kazi ya uanamitindo: nani anafaa, anaanzaje, analipwaje, na matapeli wamejificha wapi. Tumejibu zile zinazogusa watu wengi. Majina tumeyaacha, mitaa tumeiweka.

«Nimeambiwa nisahau»

*Jambo wahariri. Nina miaka 19, urefu wangu ni sentimetri 166. Yaya mmoja (mkubwa kwangu kwa umri) anayeandaa defile, yaani maonyesho ya mavazi, aliniambia nisahau kazi ya mitindo kwa sababu mimi ni mfupi. Ni kweli? – Dada wa Katuba*

Dada, yaya huyo amesema kweli kuhusu jukwaa, na jukwaa ni sehemu ndogo ya kazi hii.

Jukwaa la Paris, Milan au New York huomba mwanamke wa sentimetri 175 hadi 180, na mwanamume wa 183 hadi 190 hivi. Sababu ni ya kifundi. Kabla nguo haijaingia kiwandani, mbunifu hushona sampuli moja, na hiyo ndiyo inayopanda jukwaani. Hakuna muda wa kuikata upya kwa kila anayeivaa, kwa hiyo hutafutwa mwili unaoingia ndani ya sampuli. Gauni lililokatwa kwa mtu wa 178 ukilivaa wewe, mshono wa kiuno unashukia nyongani, mikunjo ya kifua inakaa tumboni, na pindo linafagia sakafu. Watazamaji wataona nguo mbaya, ilhali kosa si lako wala la fundi.

Zipo kazi ambazo hazikuulizi urefu. Kubwa kuliko zote hapa kwetu ni matangazo: simu, benki, sabuni, vinywaji, shule. Mteja wa tangazo anatafuta mtu ambaye mpita njia atamwamini kuwa ni mama, mwanafunzi, muuguzi au mfanyabiashara. Anaangalia meno, macho, ngozi yenye rangi moja, na uwezo wa kucheka kicheko kilekile mara thelathini bila kuonekana umechoka. Jirani yake ni kazi ya katalogi na maduka ya mtandaoni: nguo 40 kwa siku si ajabu, mikao ni minne au mitano inayorudiwa, na anayesifiwa ni yule anayebadilisha nguo haraka bila kuzipaka poda.

Kurasa za mitindo za magazeti ni kitu kingine. Hulipa kidogo, wakati mwingine hazilipi kabisa, lakini ndizo zinazojenga albamu yako. Wapo pia wanamitindo wa viungo: mikono kwa simu na pete, miguu kwa viatu, nywele kwa mafuta. Mkono wa kazi hiyo hauna kovu, kucha zake zina umbo moja, na unaweza kushika simu dakika kumi bila kutetemeka. Anayeishi kwa mikono yake huvaa glavu akiosha vyombo. Kuna wanamitindo wenye miili minene, ambao wana soko lao kamili na vipimo vyao. Na kuna kazi ya hotesi, inayoleta pesa ya haraka zaidi mjini, hasa mwezi wa Juni wakati wa DRC Mining Week, maonyesho ya sekta ya madini: kusimama kwa muda wa saa nane, kupokea wageni, kueleza bidhaa. Hapo Kifaransa na Kiingereza vina uzito kuliko nyonga.

Tumeiacha mwisho kazi inayosahaulika kuliko zote, nayo inaweza kukufaa wewe. Ni kuwa mwili wa kupimia nguo katika karakana. Fundi anayeshona nguo za kikwembe (kitenge) za kuuza tayari, kwa saizi 38 au 40, anahitaji mtu hai wa saizi hiyo kabla hajakata vipande hamsini. Wateja wake wengi wana urefu kama wako, hawana 178. Unachouza ni mambo mawili: vipimo visivyopanda wala kushuka zaidi ya sentimetri moja au mbili, na mdomo unaojua kusema «hapa kwapani panabana nikiinua mkono», «zipu inavimba nikikaa». Mafundi wa Lubumbashi hawajazoea kulipia huduma hiyo. Nenda kwa watatu au wanne ukawaonyeshe hesabu: nguo kumi zilizorudishwa kwa kubana kwapani ni hasara kuliko ujira wako wa asubuhi moja.

Mashindano ya urembo ya Miss hatukuyataja kwa makusudi. Taji ni la mwaka mmoja na lina sheria zake. Linaweza kukutambulisha, lakini si ajira.

Vipimo na picha za kwanza

*Ajensi moja ya nje inaomba «picha za kawaida na vipimo». Mimi ni kijana wa miaka 21, nina simu tu. Nifanye nini? – Kijana wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi*

Simu inatosha. Tuanze na vipimo, kwa sababu ndipo watu wengi hudanganya bila kujua.

Utepe wa fundi wa kitambaa au plastiki hurefuka kwa uzee. Ulaze kando ya utepe wa chuma wa seremala: ukitofautiana hata nusu sentimetri ndani ya metri moja, tafuta mwingine. Urefu pima bila viatu, visigino vikigusa ukuta, mtu mwingine akikuwekea kitabu kigumu kichwani kikiwa sawa na sakafu. Pima asubuhi na jioni. Jioni mtu hupungua kama sentimetri moja, na ndiyo utakayoandika. Kifua pima mahali palipojaa zaidi, baada ya kutoa pumzi ya kawaida. Kiuno ni pale palipo pembamba, si pale suruali inapokaa. Nyonga ni pale palipo papana zaidi, kama sentimetri 20 chini ya kiuno, miguu ikiwa pamoja. Utepe ugusane na ngozi bila kuibana. Mwanamume huongeza shingo, urefu wa mguu kwa ndani, saizi ya koti na ya kiatu. Andika ukweli: sentimetri mbili za uongo hugunduliwa dakika ya kwanza ya kujaribu suti, na jina lako linaingia katika orodha ya wasioaminika.

Kwa picha, simama metri moja mbele ya ukuta mweupe au wa kijivu ili kivuli chako kisiuguse. Nuru iwe ya kivuli cha nyumba, uso ukielekea anga wazi, au ya mlango ulio wazi. Usipige kwenye jua la mchana: macho na shingo vinakuwa mashimo meusi. Mtu mwingine apige kwa kamera ya nyuma ya simu, baada ya kufuta lenzi. Asimame metri tatu kutoka kwako, na picha ikatwe baadaye. Akisogea karibu, pua inakua na masikio yanapotea. Kwa picha ya uso, simu iwe usawa wa macho. Kwa picha ya mwili mzima, iwe usawa wa kitovu, kwa sababu simu iliyoshikwa juu inafupisha miguu.

Sasa jambo linaloharibu picha nyingi za watu weusi. Ukuta mweupe unaidanganya simu: inadhani pana mwanga mwingi, kwa hiyo inatia giza picha nzima, na uso wako unakuwa kivuli. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo hadi ngozi ionekane rangi yake halisi. Zima kila kichujio cha kulainisha ngozi.

Vaa fulana nyeusi inayobana na suruali isiyopwaya, miguu peku. Piga uso mbele ukiwa mtulivu, uso mbele ukicheka, upande wa kulia, upande wa kushoto, mwili mzima mbele, ubavuni, nyuma. Kwa wanawake: bila vipodozi, nywele zimefungwa nyuma au zimesukwa kulala ili umbo la kichwa lionekane, na picha moja ya viatu virefu. Kutuma, tumia barua pepe, au kwenye WhatsApp zitume kama faili, si kama picha, la sivyo zinabanwa na kupoteza ubora. Rudia zote kila miezi mitatu, au siku uliyonyoa.

Kadi ya kazi iache kwanza. Ukishapata picha nne nzuri za mpiga picha, ichapishe kwa ukubwa wa A5: uso mmoja mkubwa na jina mbele, picha tatu au nne na vipimo nyuma. Nakala 20 zinatosha kuanza.

Kutembea

*Ninajikwaa nikivaa viatu virefu na wananicheka mazoezini. – Dada wa Ruashi*

Tazama kwanza kiatu. Kikiwa kikubwa, vidole vinakikamata, goti linabaki limekunjwa, na mwendo unakuwa wa mtu anayekanyaga maji. Weka soli ya ndani hadi kisigino kisichomoke. Soli mpya huteleza kwenye vigae: isugue kwa msasa, au kama kiatu ni cha kurudishwa dukani, bandika chini utepe wa karatasi wa wapaka rangi.

Chora mstari wa chaki wa metri 12. Tembea peku kwanza, kisha kwa kisigino cha sentimetri 5, na cha 10 baada ya wiki mbili hivi. Mwanamke huweka nyayo karibu juu ya mstari, moja mbele ya nyingine. Mwanamume huweka nyayo sambamba, kila mmoja upande wake wa mstari. Mabega yarudi nyuma na kushuka, mikono ijiendee yenyewe kutoka begani, macho yatazame kitu kimoja juu kidogo ya vichwa vya watu. Mwisho wa njia simama sekunde mbili au tatu, uzito kwenye mguu mmoja, kisha geuka. Kichwa kiwe cha mwisho kuondoka. Anayetazama sakafu ndiye anayejikwaa, kwa sababu kichwa kikishuka, uzito wote wa mwili unahamia mbele.

Defile ya nguo 24

*Ninashona nguo za kikwembe, ninaandaa defile yangu ya kwanza. Nguo ni 24. Nichukue wanamitindo wangapi? Bajeti ni ndogo. – Fundi wa Bel-Air*

Fundi, hesabu hii huamuliwa na muda wa kubadilisha nguo, kabla ya pesa.

Tuseme njia yako ina metri 15. Kwenda, kusimama, kurudi: kama sekunde 30. Ukimtoa mwanamitindo mmoja kila sekunde 20, watu 8 wenye nguo tatu kila mmoja wanamaliza mzunguko kwa sekunde 160. Ondoa 30 za kutembea: kila mmoja ana kama dakika 2 za kuvua, kuvaa na kurudi mstarini. Kwa nguo zenye vifungo mgongoni, kilemba na viatu vya mikanda, dakika 2 hazitoshi, na jukwaa litabaki tupu huku muziki ukilia. Watu 12 wenye nguo mbili kila mmoja wanapata dakika 3 na nusu. Hiyo ndiyo idadi tunayokushauri. Ukilazimika kubaki na 8, weka wimbo au mcheza ngoma katikati, na nguo ngumu zote ziwe za mzunguko wa kwanza, maana hizo huvaliwa bila haraka kabla ya kuanza.

Weka mvalishaji mmoja kwa wanamitindo wawili. Kila mwanamitindo awe na fito yake ya kutundikia nguo, zikifuatana kwa mpangilio wa kutoka, na karatasi yenye picha ya vazi zima: kiatu, hereni, kilemba. Jaribio la nguo lifanyike siku mbili kabla, si asubuhi ya shughuli, ili upate usiku wa kurekebisha mapindo. Kitambaa cheupe cha kufunika uso wakati wa kuvua ni cha bei ndogo na kinaokoa kola zote na poda.

Na walipe. Tunajua bajeti ni ndogo. Kama pesa haipo, kubalianeni mapema kwa maandishi malipo mengine yenye thamani: vazi moja la kuondoka nalo, picha za mpiga picha, nauli na chakula. «Utajulikana» si malipo.

Simu kutoka ng'ambo

*Binti yangu ana miaka 16. Mtu amemwandikia WhatsApp kwamba ajensi ya Dubai imemchagua. Wanataka dola 300 za usajili, na picha akiwa na nguo za ndani «kwa vipimo». – Mama wa Kampemba*

Mama, msilipe, msitume picha. Barua yako ina alama tatu za utapeli, na moja tu ingetosha.

Ajensi ya kweli inakula pale mwanamitindo anapokula. Hukata asilimia, mara nyingi 20, kutoka katika malipo yake baada ya kazi. Inaweza kumkopesha gharama za picha, tiketi au chumba na kuzikata baadaye. Hilo nalo linahitaji jicho, kwa sababu wasichana wengi hurudi wakiwa na deni. Lakini haiuzi usajili. Vipimo huandikwa kwa sentimetri, havihitaji nguo za ndani. Na mtoto, ambaye kwa sheria yetu ya Kongo ya 2009 ni kila aliye chini ya miaka 18, haandikiwi yeye: anaandikiwa mzazi. Zihifadhi jumbe zote na namba ya simu ya mtu huyo kabla hazijafutwa, kisha zipelekeni polisi, kwa sababu kumwomba mtoto picha za namna hiyo si utapeli wa pesa tu.

Mkitaka kuhakiki mwaliko wowote, tafuteni wenyewe tovuti ya ajensi, pigeni namba iliyo pale, si ile mliyotumiwa, na mwulize kama mtu huyo anafanya kazi kwao. Ajensi ya Ufaransa ina leseni ya serikali, na sheria ya huko humhesabu mwanamitindo kuwa mfanyakazi wa mshahara. Viza ya utalii hairuhusu kazi. Pasipoti haishikwi na mwajiri, na tiketi ya kurudi iwe mkononi kabla ya kupanda ndege.

Njia ya haki ipo. Noëlla Coursaris Musunka alizaliwa hapa Lubumbashi, akakulia Ulaya na kuanzia uanamitindo huko; mwaka 2007 alianzisha shirika la Malaika, lenye shule ya wasichana kijijini Kalebuka. Kwa anayeanzia huku, kawaida hupitia ajensi mama iliyo karibu, inayomlea na kumtafutia ajensi za nje, nayo hulipwa sehemu ya asilimia zao. Miaka 16 si kuchelewa. Amalize shule, apige picha za kawaida mara moja kwa mwaka, na ifikapo 18 atakuwa na la kuonyesha.

Uso wangu bado uko barabarani

*Duka la simu lilinipiga picha, wakanilipa dola 50. Mwaka umepita, niko kwenye bango kubwa na kwenye Facebook yao. Hatukuandikiana kitu. – Dada wa Kamalondo*

Dada, ulilipwa siku ya kazi. Haukulipwa matumizi ya sura, na hapo ndipo pesa ya tangazo ilipo. Sura inakodishwa kama nyumba: kwa muda, kwa mpangaji fulani, kwa matumizi fulani.

Kwa hili la sasa, piga picha bango likionekana na mtaa wake, hifadhi kurasa za Facebook zenye tarehe, tafuta jumbe mlizoandikiana kabla ya kazi. Ujumbe wa WhatsApp unaosema «ni kwa promosheni ya mwezi huu» ni ushahidi mzuri. Kisha andika barua ya heshima ukiomba mambo mawili wachague: walipe muda uliozidi na unaokuja, au waondoe. Wafanyabiashara wengi hulipa katika hatua hii, maana kuchapisha bango upya ni ghali kuliko wewe. Wakikataa, mwone wakili.

Kwa kazi ijayo, karatasi moja yatosha, na iseme: picha zitatumika wapi (bango, gazeti, mtandao, televisheni, kila kimoja kitajwe), katika mji au nchi gani, kwa miezi mingapi kuanzia tarehe gani, kiasi gani kwa siku ya kazi na kiasi gani kwa matumizi, siku ya kulipa, na bei ya kuongeza muda. Ukizuiwa kufanyia kazi washindani wao, kizuizi hicho nacho kina bei. Neno «milele» au «popote duniani» lifutwe, au lilipwe sawasawa na ukubwa wake. Ongeza mstari mmoja wa siku hizi: picha zisitumike kutengeneza kwa kompyuta nakala ya sura yako bila idhini nyingine ya maandishi. Jimbo la New York limeweka takwa la namna hiyo katika sheria ya wafanyakazi wa mitindo iliyoanza kutumika Juni 2025, ambayo pia imefunga asilimia ya ajensi isizidi 20.

Nakala mbili, sahihi mbili, kabla kamera haijatolewa mfukoni.

Ngozi

*Wanasema weupe wanapata kazi zaidi. Nianze mafuta ya kujichubua? – Dada wa Kampemba*

Hapana, tafadhali. Krimu hizo mara nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Ngozi inakuwa nyembamba, vidonda vinachelewa kupona, madoa ya bluu-nyeusi yanatokea mashavuni, na zebaki inaumiza figo. Kwa kazi yenyewe ni hasara vilevile: chini ya taa, uso unakuwa rangi moja, masikio na vifundo vya vidole rangi nyingine, na hakuna mpambaji anayeweza kuviunganisha. Alek Wek, Mdinka wa Sudan Kusini aliyegunduliwa London mwaka 1995, alifika majukwaa makubwa ya dunia kwa ngozi nyeusi aliyozaliwa nayo. Kama umeshaanza, usikate steroidi ghafla, ngozi itawaka. Mwone daktari akupunguzie polepole. Kiangazi cha Lubumbashi, Mei hadi Septemba, hukausha ngozi na kuijaza vumbi: osha kwa sabuni laini, paka glisirini au vaseline ngozi ikiwa bado na unyevu.

Ndevu nyeupe

*Nina miaka 58. Wanangu wanasema ninafaa matangazo. – Papa wa mtaa wa Golf*

Papa, wanao wana macho. Benki, bima na dawa zinahitaji babu wa kuaminika, na wanaojitokeza ni wachache. Piga picha zilezile tulizomwelekeza kijana wa Kenya. Siku ya usaili njoo na mashati mawili ya rangi moja moja, bluu au kahawia; mistari myembamba hutetemeka kwenye kamera, na nyeupe kabisa inameza uso. Ndevu zichongwe siku mbili kabla, si asubuhi hiyo, ili vipele vya wembe viwe vimepoa.